Kihusishi baada ya kitenzi katika Kiingereza

Vitenzi vingi vya Kiingereza hudai kihusishi maalumu: "depend" huenda na "on", "consist" na "of", "listen" na "to". Kihusishi kikibadilika, maana nayo huhama: "look at" ni kutazama, "look for" kutafuta, "look after" kutunza, "look into" kuchunguza. "Agree" huchukua "with" kwa mtu, "to" kwa pendekezo na "on" kwa jambo lililoafikiwa.

Asili

Kiingereza cha kale kilionyesha uhusiano wa nomino na kitenzi kwa viambishi tamati. Viambishi hivyo vilipofifia, hasa baada ya karne ya 11, vihusishi vilibeba sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kwa wasemaji wa Kiswahili

Ugumu wa kweli uko hapa. Kiswahili mara nyingi huupachika uhusiano ndani ya kitenzi chenyewe, kwa kauli ya kutendea. Pengine lugha hizi mbili hulingana vizuri mno: kulipa deni ni "pay a debt", kulipia kitabu ni "pay for a book", kulia ni "cry", kulilia kitu ni "cry for" kitu hicho. Ulinganifu huu wenye manufaa unastahili nafasi kubwa zaidi darasani. Kwingine njia huachana. "Kumtupia" mtu huwa "throw to" ikiwa ni mpira wa kudaka, lakini "throw at" ikiwa ni jiwe la kumpiga. "Nisikilize" na "nisubiri" hazina kihusishi, ndiyo maana mwanafunzi huandika "listen me" na "wait me". "Kuzungumza kuhusu" huzaa "discuss about", ilhali "discuss" haihitaji kihusishi; "kuolewa na" huzaa "married with" badala ya "married to". Makosa haya si ya uzembe. Yanafuata mantiki ya lugha anayoijua mwanafunzi, na mwalimu anayeijua lugha hiyo huweza kuyatabiri.

Kamusi

A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, alitayarisha pamoja na wenzake kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942 na kutolewa upya na Oxford mwaka 1948. Ilionyesha miundo ya vitenzi, msaada mkubwa kwa asiyezaliwa na lugha hiyo. Kamusi iitwayo BBI, ya mwaka 1986, ilijikita katika maneno yanayoandamana.

Tofauti za kieneo

Wamarekani husema "write me". Waingereza wengi, "write to me".