HISTORIA: WATU 12 WALIOACHA KUPIGA MSWAKI MPAKA FIZI ZIKAVIMBA

Unapiga mswaki asubuhi, unatema, unaona damu kwenye sinki. Wengi hapo wanaacha kupagusa kwa siku kadhaa wakiamini patapona penyewe. Wengine wanasubiri mpaka jino lianze kucheza, kisha wanaenda kuling'oa. Kumbe tiba ya fizi ilishaandikwa miaka elfu moja iliyopita, ila ilichukua muda mrefu sana watu kuiamini.

Cordoba, karibu mwaka 1000

Huko Hispania ya Waislamu alikuwepo daktari mpasuaji anaitwa Al-Zahrawi. Kwenye kitabu chake kikubwa cha tiba alieleza kwamba ule ukoga unaogeuka jiwe kwenye meno unaharibu fizi. Tiba yake? Mgonjwa alaze kichwa kwenye mapaja ya daktari, jiwe likwanguliwe lote. Lisipoisha leo, arudi siku nyingine. Akachora na vyuma vyenyewe vya kukwangulia, vya maumbo tofauti.

Na kabla ya vyuma kulikuwa na kijiti. Neno letu "mswaki" limetoka kwenye Kiarabu, "miswak", kijiti cha mti ambao hata pwani yetu unaitwa mswaki. Yaani jina la kijiti ndilo lililobaki kwenye brashi ya plastiki.

Mzee ambaye hakuwahi kusafisha meno

Mwaka 1683, huko Delft, Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa Antonie van Leeuwenhoek alikwangua uchafu wa meno yake akauweka kwenye hadubini aliyotengeneza mwenyewe. Akaona vidudu vinatembea! Akachukua na uchafu wa mzee mmoja ambaye hakuwahi kusafisha meno maisha yake yote. Humo vidudu vilikuwa vimejaa kupita maelezo. Jina la mzee hakulitaja. Ila wakati huo hakuna aliyeunganisha vidudu hivyo na ugonjwa wa fizi.

Kukata au kukwangua?

Karne ya 19 kulikuwa na madaktari wa meno waliotibu fizi kwa kuzikata. John Riggs wa Hartford, Marekani, akawapinga. Mwaka 1876 aliandika kwamba shida ni uchafu uliojificha chini ya fizi: ukwangue, fizi itapona yenyewe. Ugonjwa ukaitwa jina lake kwa miaka mingi.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1910 daktari Mwingereza, William Hunter, alitoa hotuba huko Montreal, Kanada, akisema uchafu wa mdomoni ndio chanzo cha magonjwa mengi ya mwili. Baada ya hapo ikawa balaa. Watu wakang'olewa meno yote, hata yasiyouma, kwa matumaini ya kupona baridi yabisi. Miaka ya 1930 ilipokuwa inaisha, madaktari wakaanza kukiri: meno yameondoka, ugonjwa umebaki palepale. Fikiria kijana wa miaka 25 anabaki kibogoyo kwa kosa ambalo si lake.

Watu 12 wa Aarhus

Ushahidi wenyewe ulikuja mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark. Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 mpaka 21 wote fizi zikavimba. Hakuna aliyepona kwa bahati! Kisha wakarudi kwenye mswaki, na baada ya kama wiki moja fizi zikatulia.

Majina yao hakuna anayeyataja leo, lakini vinywa vyao vilimaliza ubishi: ukoga ndio unaoleta uvimbe wa fizi, na ukiuondoa, uvimbe unaondoka.

Leo ikoje?

Tiba ya msingi bado ni ileile ya Al-Zahrawi, ila vyuma vimeboreshwa na kuna mashine zinazotetemeka zinazovunja lile jiwe. Fizi ikiwa imeachana sana na jino, daktari anasafisha mpaka kwenye mzizi, na wakati mwingine anafungua fizi ili afike chini. Kitu kimoja cha kukumbuka: uvimbe wa mwanzo unarudi nyuma, lakini mfupa unaoshika jino ukishaliwa, haurudi wenyewe.

Kwa hiyo wale wanaosema kusafishwa meno kunalegeza meno wamekamata mwizi asiye yeye. Jino lilikuwa limeshalegea, jiwe ndilo lilikuwa limelishikilia. Damu kwenye sinki si sababu ya kuweka mswaki pembeni. Ni sababu ya kumuona daktari wa meno kabla jino halijaanza kucheza.

Je, mtaani kwenu fizi zikitoka damu watu wanafanyaje? Dondosha komenti hapo chini.