Sekunde tisa za Warsaw

Leo nakurudisha Warsaw, Poland, Septemba 14, 1993. Airbus A320 ya Lufthansa, iliyotoka Frankfurt na watu 70, ilikuwa ikitua katika mvua. Marubani walikwisha onywa kuwa upepo unabadilika ghafla, wakaongeza mwendo. Kumbe upepo umehamia nyuma yao, unawasukuma.

Mguu wa kulia uligusa ardhi mita 770 ndani ya njia yenye urefu wa mita 2,800. Wa kushoto ulifuata baada ya sekunde tisa. Hapo ndipo penye kisa. Kompyuta iliwekewa sharti: injini zisigeuze msukumo mpaka miguu yote miwili ielemewe na uzito wa kutosha. Wala sharti hilo si la kipuuzi. Mwaka 1991, huko Thailand, injini ya Boeing 767 ya Lauda Air iligeuza msukumo ikiwa angani, wakafa watu wote 223.

Basi marubani wa Warsaw wanataka kusimama, kompyuta inawaambia bado mko angani! Ndege ilipita mwisho wa njia, ikagonga tuta la udongo, ikawaka moto. Watu wawili walifariki.

Wachunguzi waliwalaumu zaidi marubani. Mimi sikuridhika sana, maana baadaye kiwango kile cha uzito, tani 6.3 kwa kila mguu, kilipunguzwa.