Karama si Karani: Kusadikika Jukwaani na Maisha ya Shaaban Robert

Makala haya yanajadili uhusiano kati ya riwaya ya Kusadikika na maisha ya mtunzi wake, Shaaban Robert. Msingi wa mjadala ni onyesho la jukwaani lililofanyika Ushongo, kijiji cha wavuvi kilicho kusini mwa mlango wa mto Pangani. Kikundi kilichoigiza hakitajwi hapa, kwa kuwa kasoro inayojadiliwa ni ya namna ya kusoma fasihi, nayo imeenea zaidi ya kikundi kimoja. Hoja kuu ni kwamba kumfanya Karama kuwa Shaaban Robert mwenyewe kunakwaruzana na historia ya mtunzi na kunaiondolea riwaya kiini chake.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909. Baada ya kusoma Dar es Salaam aliajiriwa katika Idara ya Forodha mwaka 1926, akatumikia Pangani na vituo vingine hadi 1944. Kati ya 1946 na 1952 alifanya kazi katika ofisi ya wilaya mjini Tanga, kisha katika ofisi ya upimaji ardhi hadi 1960. Alifariki Juni 1962, takribani miezi sita baada ya Tanganyika kupata uhuru. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951. Riwaya inayowakemea watawala wasiosikia ilitoka, basi, wakati mwandishi wake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Waingereza hao hao walimtunuku nishani ya MBE.

Katika onyesho la Ushongo, Karama aliingia jukwaani akiwa amevaa sare ya karani wa forodha. Majivuno, waziri anayemshtaki, aligeuzwa kuwa afisa wa Kizungu. Safari za wajumbe sita zilifupishwa zikawa nyimbo mbili. Hukumu ya mfalme iliachwa, na mahali pake msimulizi akatangaza kifo cha mtunzi. Forodha ya Pangani ilipotajwa, hadhira ilishangilia. Shangwe hiyo inaeleweka: watu wa wilaya hiyo walimwona mwandishi mkubwa wa lugha yao akirudishwa nyumbani. Lakini mwandishi aliyerudishwa hakuwa yule aliyeandika kitabu.

Tatizo la kwanza ni la kihistoria. Karama anasimama barazani na kuyaeleza makosa ya dola mbele ya mfalme. Shaaban Robert alichagua njia nyingine. Aliiweka nchi yake angani, akawapa wahusika majina ya sifa na tabia, akamwachia msomaji kazi ya kutambua ni nani anayesemwa. Chini ya utawala uliomwajiri, fumbo lilikuwa kinga na pia silaha. Onyesho linalomvika Karama sare ya karani linampa mtunzi ujasiri wa aina ambayo hakuitumia, na papo hapo linaufuta ule alioutumia. Majivuno naye anapokuwa Mzungu mmoja, hadhira ya leo inapewa ruhusa ya kudhani kwamba kiburi cha madaraka kiliondoka na bendera ya Uingereza.

Tatizo la pili ni la utanzu. Shaaban Robert hakukosa mahali pa kujisimulia. Maisha Yangu ilichapishwa mwaka 1949, miaka miwili kabla ya Kusadikika, na baadaye akaandika Baada ya Miaka Hamsini. Mwandishi aliyekuwa ameshatenga tawasifu na riwaya kwa uangalifu kiasi hicho anastahili mpaka huo uheshimiwe. Ebrahim Hussein alituonyesha jambo hili kutoka upande wa pili. Katika tamthilia ya Kinjeketile (1969) alimchukua mtu halisi wa Vita vya Majimaji, lakini akaonya kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa. Hussein alikuwa na maisha halisi mkononi na hakukubali kufungwa nayo. Waigizaji wa Ushongo walikuwa na kiumbe cha sanaa, wakakifunga katika maisha ya mtu mmoja.

Tatizo la tatu ndilo zito zaidi. Katika riwaya, Karama ameshtakiwa kwa kuanzisha elimu ya uanasheria, lakini sehemu kubwa ya utetezi wake haimhusu yeye. Anawasimulia Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, wajumbe waliotumwa nje, wakarudi na mawazo ya kuiboresha nchi, wakaambulia adhabu. Karama ni kinywa cha watu walionyamazishwa. Mchezo unapomfanya kuwa shujaa wa wasifu, wajumbe hugeuka mapambo, na kitabu kinachohusu jamii isiyowasikiliza watu wake huwa hadithi ya kipaji kimoja kilichoonewa.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu ya mahali penyewe. Hadhira ya wavuvi inajua maana ya kumngoja mtu aliyekwenda mbali na kusikiliza habari anazorudi nazo. Safari sita za wajumbe zingepata hapo wasikilizaji stadi kuliko wale wa ukumbi wowote wa chuo. Umbo la riwaya nalo, yaani baraza, mshtaki, mshtakiwa na masimulizi ya siku kadhaa, liko tayari kwa jukwaa bila kuongezewa wasifu. Kila mjumbe angeweza kuchezwa na mtu wake, aje asimame mbele ya wanakijiji, aseme alichokiona, kisha afungwe mbele ya macho yao.

Wasifu wa mtunzi unabaki na kazi yake katika uhakiki: unatueleza kwa nini alihitaji fumbo. Ukitumiwa kulifumbua fumbo hilo kwa niaba ya hadhira, unaipokonya hadhira swali ambalo Kusadikika inaliuliza kila inaposomwa: katika baraza letu wenyewe, ni mjumbe gani tuliyemfunga?