Gitaa Halikuwa Limeharibika: Historia Fupi ya Kodi za Nne

Ninaishi Nakawa, mwendo mfupi kutoka sokoni, na kwa muda nilipiga gitaa katika kwaya ya kanisa moja la mtaani. Jumapili moja niliacha kodi za kawaida (kodi za muziki, si ile ya nyumba) nikapiga nyingine nilizojifunza peke yangu chumbani. Mwalimu wa kwaya aliinua mkono, wimbo ukakatika. "Kijana, tuni gitaa lako kwanza," aliniambia. Waimbaji wakacheka. Gitaa lilikuwa sawa kabisa, lakini sikuwa na la kujibu. Insha hii ndiyo jibu langu. Swali lake ni la kihistoria: sikio letu lilijifunza wapi kwamba sauti fulani ni sahihi na nyingine ni kosa?

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Kodi ya kawaida ni do, mi, so. Kutoka do hadi mi ni hatua ya tatu: do, re, mi. Kutoka mi hadi so ni hatua ya tatu vilevile. Kodi nilizopiga mimi hupangwa kwa hatua ya nne. Mfano ni re, so, do: kutoka re hadi so unahesabu nne, na kutoka so hadi do ya juu unahesabu nne tena. Kodi ya namna hii haina furaha wala huzuni iliyo wazi. Inaning'inia, kama mtu aliyesimama mlangoni bila kuamua kuingia.

Sikio la kwaya zetu lina historia. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na wale wa Kikatoliki mwaka 1879. Pamoja na Biblia na kusoma, zilikuja nyimbo za Ulaya. Mtindo wa kuandika muziki kwa do, re, mi, ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19, ulisambazwa na wamisionari sehemu nyingi za Afrika. Katika nyimbo hizo soprano, alto, tena na besi hukutana hasa kwenye kodi za tatu. Vizazi kadhaa vya kuimba hivyo vilitosha kufanya desturi ionekane kama sheria ya maumbile.

Lakini Afrika Mashariki ina masikio mengine. Hapa Buganda, amadinda yenye vibao 12 na kinubi cha ennanga hutumia sauti tano zinazoachana kwa nafasi zinazokaribiana kulingana, na do, mi, so ya kwaya haikai humo vizuri. Huko Dodoma, Tanzania, Wagogo wanajulikana kwa kuimba pamoja kwa sauti zinazoachana nne na tano. Hukwe Zawose, mpiga ilimba na zeze aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki huo hadi majukwaa ya Ulaya. Hakuna aliyemwambia atuni kwanza.

Sasa turudi kwenye gitaa. Chukua mizani ya sauti tano: do, re, mi, so, la. Anza na la, kisha ruka sauti moja kila mara ukipanda. Utapata la, re, so, do, mi, la. Hizo ndizo nyuzi sita za gitaa zikiachwa wazi, kuanzia ule mnene! Kati yake kuna nafasi tano: nne ni za hatua ya nne, na moja tu, kati ya do na mi, ni ya hatua ya tatu. Nilipogundua hili usiku mmoja kwa kalamu na karatasi, nilikaa kimya muda mrefu. Kodi niliyochekwa kwayo ilikuwa tayari ndani ya chombo, hata kabla sijaweka kidole.

Wanajazi wa Marekani waliitambua sauti hiyo. Mwaka 1959, katika wimbo "So What" wa Miles Davis, mpiga piano Bill Evans alitumia kodi yenye hatua tatu za nne, na juu yake hatua moja ya tatu. Ni mpangilio uleule wa nyuzi tano nene za gitaa. Katika miaka ya 1960, McCoy Tyner, akiwa na John Coltrane, alizifanya kodi za nne kuwa alama yake.

Sidai kwamba jazi ilizitoa Dodoma. Watu wanaweza kufika kisima kimoja kwa njia mbili bila kukutana. Wala simlaumu mwalimu wangu: wimbo ulioandikwa kwa kodi za tatu unadai kodi za tatu, nami niliingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Kosa langu lilikuwa la mahali, halikuwa la sauti. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, lakini ni lazima kwanza ajue kwao ni wapi. Nimerudi kwenye kwaya. Jumapili napiga do, mi, so kama ilivyoandikwa. Jioni, chumbani Nakawa, naacha nyuzi wazi, nazipiga polepole kutoka ule mnene, na sizituni tena.