Nani alionekana kwenye kaseti ya arusi? Historia fupi ya mwanga Goma

Leo tuache kidogo historia ya vita na mikataba. Tuongelee ile historia yenye iko kwenye kabati za wazazi wetu: kaseti za arusi. Kama kwenu kuna moja, labda umeshaona hivi: gauni ya bibi arusi inang'aa kabisa, uso wake hauonekani vizuri, na wageni wa nyuma ni giza tupu. Watu wanasema kameramani hakujua kazi. Si kweli kila mara. Ile giza ina sababu zake, na sababu hizo ni sehemu ya historia ya mji wetu.

Tuanze na mashine. JVC ilitoa kaseti ya VHS Japani mwaka 1976. Miaka ya 1980, kamera za bega zenye kurekodi kaseti ndani yake zikaanza kuuzwa duniani. Ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea mwanga. Kipande cha nusu inchi, kipimo cha kawaida wakati ule, kina milimita 6.4 kwa 4.8 tu. Mvua ikinyesha, sahani inakinga maji kidogo kuliko beseni. Na kamera ni vilevile: kipande kidogo, mwanga kidogo, picha ya chenga.

Sasa ilete mashine hiyo Goma, Jumamosi, saa mbili usiku. Arusi yetu ina hatua zake: mahari, komini, kanisani au msikitini, halafu ukumbi. Hatua nyingi ni za mchana, lakini ukumbi, kwenye watu wanacheza na kutoa zawadi, ni usiku. Na usiku wa Goma, kwa miaka mingi, ulitegemea umeme wa SNEL kutoka mto Ruzizi, kule Bukavu, upande mwingine wa ziwa. Umeme ukikatika, mtu anakimbia kuwasha jenereta, na balbu zinawaka kwa kusitasita.

Dawa ilikuwa taa ya halojeni, ya wati 500 au hata 1000, kijana mmoja akiishika juu na kuvuta waya nyuma ya kameramani. Taa hiyo ilikuwa moto kweli. Wazee walifumba macho, maarusi walitoka jasho. Lakini shida kubwa haikuwa joto, ilikuwa umbali. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Mtu wa metre mbili anaonekana vizuri. Wa metre nne anapata robo ya mwanga ule. Wa metre nane anapata sehemu moja ya 16. Huyo kamera haimuoni tena.

Fikiria maana yake. Taa ilikuwa moja, basi kameramani alipaswa kuchagua nani wa kumulika. Aliwamulika maarusi, wasimamizi, wazazi na mgeni mwenye bahasha nene. Wamama waliopika wali na sombe tangu alfajiri, majirani waliokopesha viti, vijana wa mlangoni, hao wote walibaki gizani. Tunaposema "kaseti inaonyesha arusi ilivyokuwa", tukumbuke inaonyesha pahali taa ilifika.

Sababu ya pili iko kwenye ngozi yetu. Kamera ikiachwa ijipime yenyewe, inatafuta wastani: isiwe nyeupe sana, isiwe nyeusi sana. Gauni nyeupe ikijaa kwenye picha, kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na sura nyeusi inazama. Hata viwanda havikutuwaza. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika habari hiyo mwaka 2009. Alionyesha kwamba kati ya waliosukuma Kodak kuboresha rangi za giza walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa mbao, juu bidhaa zao hazikutoka vizuri kwenye picha. Chokoleti ililalamika na ikasikilizwa. Bibi arusi wa kwetu hakuwa na pa kulalamikia.

Halafu volkano. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitema moto, na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Nyumba na maduka viliungua na vyote vilivyokuwa ndani. Kaseti iliyopona siku ile ina thamani ambayo familia nyingi hazijaifikiria. Angalia sehemu ya mchana, pale msafara wa magari ya arusi unatembea mjini huku watu wakipiga honi. Baadhi ya balabala zile ziko chini ya mawe leo. Kameramani alilipwa apige arusi, lakini alipiga mji.

Baadaye mambo yalibadilika kwa pande mbili. Kwa upande wa kamera, mwaka 2008 Canon ilitoa 5D Mark II, kamera ya picha yenye kupiga pia video, na kipande chake ni milimita 36 kwa 24. Piga hesabu: ni karibu mara 28 ya kile cha nusu inchi. Mwaka 2014 Sony ikatoa A7S, inayoona hata kwa mwanga wa mishumaa. Kwa upande wa umeme, mwisho wa 2015 kituo cha Matebe, kule Rutshuru, kilizinduliwa, na baadaye umeme wake ukaanza kufika Goma. Mwaka 2020 Nuru ikawasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 hapahapa mjini. Lakini mwanga wetu haujapata usalama. Jumamosi 22 Mei 2021, jioni, saa za ukumbi zenyewe, Nyiragongo ilitema tena na sehemu kubwa ya mji ikakosa umeme. Januari 2025, wakati wa mapigano, mji ulikaa gizani siku kadhaa.

Leo simu nzuri inaweza kupiga hadi viti vya mwisho. Kwa hiyo vijana wenye kufanya kazi hii hawana tena kisingizio cha taa moja. Pima mwanga kwenye uso, usipime kwenye gauni. Halafu ingia jikoni, toka mlangoni, piga na walioleta viti.

Na kwa sisi wengine kuna kazi ya haraka. Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho cha mashine za kuchezesha VHS, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016. Mashine zinakufa, na unyevu wa ziwa unakula mikanda. Ukiwa na kaseti nyumbani, ihamishe kwenye kompyuta, weka nakala mbili, pahali mbalimbali. Halafu keti na mama au mzee aliyekuwepo, muangalie pamoja, uandike majina: huyu ni nani, ile ni balabala gani, duka lile lilikuwa la nani. Na wale wa gizani, muulize pia. Kamera haikuwaona, lakini yeye anajua nani alikuwa amekaa pale.