Kamera ya Msafiri Mwenye Fedha Kidogo

Ukisimama mjini Isiolo, ewe msomaji, ukaupa kisogo Mlima Kenya, mbele yako iko barabara iendayo Archer's Post, Laisamis, Marsabit na hatimaye Moyale, mwendo wa kilomita zipatazo 500. Msafiri wa leo apitaye njia hiyo ni nadra kukosa chombo cha kupigia picha mfukoni mwake. Jambo hilo laonekana kuwa dogo. Lakini picha za zamani za nchi ya kaskazini, zile zilizomo katika vitabu na katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo, karibu zote zilipigwa na wageni. Na sababu mojawapo ilikuwa uzito na bei ya kamera. Nataka kukueleza habari hiyo kwanza, kisha tutazame ni kamera ya namna gani imfaayo kijana mwenye fedha kidogo anayetaka kusafiri na kurudi na kitu cha kuonyesha.

Mwaka 1888 Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel walilifikia ziwa ambalo leo twaliita Turkana. Walilipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, kana kwamba wenyeji walioishi kando yake hawakuwa na jina lao; na jina hilo la kigeni lilidumu katika ramani mpaka 1975. Msafara wao ulikuwa wa mamia ya wapagazi. Wakati huo mtu aliyetaka kupiga picha safarini alihitaji sanduku la mbao, miguu mitatu ya kulisimamishia, mabamba ya kioo yavunjikayo upesi, na chupa za dawa za kuyasafishia. Mzigo huo ulibebwa vichwani mwa watu wengine. Asiyekuwa na fedha za kuwalipa wapagazi hakuwa na picha.

Mwaka huo huo wa 1888, huko Marekani, George Eastman alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak. Ilikuwa kisanduku cha kushikwa mikononi, chenye filamu ya kuviringishwa ya kutosha picha 100, na bei yake ilikuwa dola 25. Picha zikiisha, mwenyewe alikipeleka kisanduku chote kiwandani Rochester pamoja na dola 10. Picha zikasafishwa, na kisanduku kikarudishwa na filamu mpya ndani. Dola 25 zilikuwa fedha nyingi kwa mfanyakazi wa siku zile. Lakini mwaka 1900 Eastman alitoa kamera nyingine, Brownie, kwa dola moja tu. Kamera za ukoo huo zilienea ulimwenguni, zikafika hata huku kwetu. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Tanganyika, alianza na Box Brownie kuukuu alipokuwa kijana. Na mtu huyo ndiye aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia mnamo Oktoba 1984.

Pengine utauliza: kama kamera ilikuwa rahisi tangu 1900, mbona wenyeji wa Isiolo na Marsabit hawakupiga picha zao wenyewe? Bei ilikuwa lango moja tu. Chini ya sheria ya 1902 ya wilaya za mbali, serikali ya kikoloni ilikuwa na uwezo wa kuzifunga nchi za namna hii, na Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa hivyo. Mtu hakuingia wala kutoka ila kwa kibali. Isiolo ikawa makao ya utawala wa wilaya hiyo, na mlango wake. Aliyepata kibali aghalabu alikuwa na cheo au fedha. Tazama Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Marekani. Kuanzia 1924 walikaa miaka kadhaa katika msitu wa Marsabit, kando ya ziwa walilolijulisha kwa watu kwa jina la Paradise, wakiwa na kamera nyingi na nyumba ya kusafishia picha. Mmoja wa waliowapa fedha alikuwa Eastman yule yule, naye alikuja Kenya mwenyewe mwaka 1926. Hata baada ya uhuru mambo hayakufunguka mara moja, kwani hali ya hatari iliyotangazwa kaskazini Desemba 1963 haikuondolewa kabisa mpaka 1991.

Kuna msafiri mmoja ambaye mfano wake wafaa sana kwa shauri letu, ingawa yeye pia alikuwa mgeni. Huyo ni Wilfred Thesiger, aliyeanza kusafiri kaskazini mwa Kenya mwaka 1960, kwa miguu na ngamia. Tangu 1934 alikuwa na Leica, kamera ndogo ya Kijerumani ya namna iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, itumiayo filamu nyembamba kama ya sinema. Lenzi ya kamera ile haikuvuta kitu cha mbali. Thesiger akitaka uso wa mtu ujae katika picha, ilimbidi amwendee mtu huyo mpaka hatua chache. Picha zake zipatazo 38,000 zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, na ukizitazama utaona kwamba watu wengi humo wamemwangalia mpiga picha machoni.

Lenzi ivutayo, ile ambayo vijana huiita zumu, ilikuja baadaye. Kampuni ya Voigtländer iliitoa ya kwanza kwa kamera za picha za kawaida mwaka 1959. Ilikuwa nzito na ghali. Mwaka 1986 Pentax iliitia zumu ndani ya kamera ndogo ya filamu. Mwaka 2006 Panasonic ikauza kamera ya mfukoni isiyotumia filamu, ambayo lenzi yake iliweza kuvuta mara 10. Hapo ndipo msafiri wa kawaida alipopata kwa mkono mmoja kile ambacho zamani kilijaza mkoba mzima. Kisha simu zikaja. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilipeleka sokoni kamera ndogo za namna hii zaidi ya milioni 100; mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo, anguko hilo si baya, maana kamera nyingi nzuri zimo makabatini mwa watu wasiozitaka tena, nazo huuzwa kwa bei ya chini kuliko ile ya dukani.

Sasa, uchague ipi? Muuzaji atakuonyesha namba kubwa iliyoandikwa ubavuni: mara 30, mara 40. Usiikimbilie. Kwanza uliza kama ni lenzi yenyewe inayovuta, au ni hesabu ya mashine inayoikata picha na kuikuza kama mtu anayetanua nguo fupi. Kukuza kwa hesabu hakuongezi lolote ambalo huwezi kulifanya nyumbani. Pili, kumbuka kwamba ndani ya kamera iko sehemu ndogo ipokeayo nuru, ikishika mahali pa filamu. Katika kamera nyingi za zumu ndefu sehemu hiyo ina upana wa milimita 6 na kimo cha milimita 4 na nusu tu, ambapo picha moja ya filamu ya Thesiger ilikuwa na milimita 36 kwa 24, yaani eneo la mara 30. Na lenzi ndogo ikivutwa mpaka mwisho, nuru iingiayo aghalabu hupungua hata kufika kama robo. Mkono ukitikisika kidogo, picha imeharibika. Jua likishatua nyuma ya vilima, zumu ya mara 40 haina kazi.

Nchi yetu ina jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Saa sita mchana, katika uwanda wa Isiolo, hewa hupanda kutoka ardhini ikicheza kama moshi. Hata lenzi ya bei kubwa haiwezi kuipenya hewa hiyo. Punda milia aliye mbali atatoka kama aliyechorwa juu ya maji. Aliye katika gari huko Buffalo Springs au Samburu asubuhi na mapema, akiwa na zumu ya mara 10, atamwona punda milia wa Grevy na milia yake myembamba bila taabu. Mimi ningesema mara 10 yatosha, na fedha iliyobaki iwe nauli ya basi. Ukipata kamera kuukuu yenye sehemu kubwa ya kupokea nuru, kama ile Sony RX100 ya mwaka 2012, iwezayo kuvuta mara 3 na nusu hivi, ichukue kama bei yaruhusu, hata kama wenzako wataicheka zumu yake.

Maana vitu vingi vya kupigwa picha katika safari hii viko karibu: ndani ya nyumba ya Kiborana, sokoni kwa wauza ngamia, kisimani ambako watu wanapokezana maji. Hapo wahitaji lenzi inayotazama kwa upana. Wahitaji pia kusalimu kwanza, na kuuliza jina. Zumu ndefu humwezesha mtu kuuchukua uso wa mama aliye ng'ambo ya barabara bila yeye kujua, na ndiyo maana siisifu sana. Picha nyingi za zamani zilizopigwa huku zina maelezo ya kabila tu chini yake. Wajukuu wa watu wale wakizifungua leo, watamtambuaje babu yao?

Ukienda kuinunua kamera iliyotumika, iwashe na kuizima mara kadhaa, na usikilize lenzi ikitoka: mlio wa kusaga ni mchanga. Ipigie picha mbingu nyeupe, ukague kama pana madoa meusi yasiyohama. Uliza kama betri ya namna ile bado yapatikana, na kama chaja imo. Kisha tazama saa yake. Kamera iliyolala miaka mingi kabatini husahau tarehe, ikarudi mwaka ilipoundwa, na kila picha utakayopiga Marsabit itaandikwa kuwa ya siku ambayo pengine wewe hujaanza shule. Iweke tarehe ya leo kabla basi halijaondoka.