Mwalimu Aliyenyamaza: R. L. Moore na Ufundishaji wa Hisabati

Katika historia ya ufundishaji wa hisabati vyuoni, ni walimu wachache waliozua mjadala mrefu kama Robert Lee Moore wa Marekani. Alizaliwa Dallas mwaka 1882, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1905, na tangu 1920 hadi 1969 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin.

Moore hakuhutubia darasa. Aliwapa wanafunzi fafanuzi na kanuni chache za msingi, kisha kauli za kuthibitishwa. Vitabu vilikatazwa, na kusaidiana pia. Kila mmoja alikwenda kuumiza kichwa peke yake, kisha akaitwa ubaoni, na wenzake wakaisikiliza hoja yake ili waone kama ina ufa. Mara nyingi Moore alianza na yule aliyedhaniwa dhaifu, ili wenye nguvu wasimzibie njia. Ithibati ikikwama, mwalimu hakuikwamua, bali alisubiri.

Kwa njia hiyo aliwafikisha wanafunzi 50 kwenye udaktari, miongoni mwao R. H. Bing na Mary Ellen Rudin, waliokuja kuwa mabingwa wa topolojia. Hata hivyo, Rudin mwenyewe alieleza baadaye kwamba malezi yale yalimpa ujasiri, lakini yalimwachia mapengo katika kujua kazi za wanahisabati wengine.

Lipo pengo kubwa zaidi. Moore aliwakataa wanafunzi Weusi. Vivienne Malone-Mayes, aliyepata udaktari chuoni hapo mwaka 1966, hakuruhusiwa kuingia darasani mwake. Mwaka 2020 chuo kiliondoa jina la Moore katika jengo lililoitwa kwa jina lake.

Je, tuitupe njia kwa sababu ya mwenye njia? Hatuoni hivyo. Waliomfuata wameirekebisha: wengi huwaacha wanafunzi washauriane, na mwalimu huuliza maswali ya kuongoza badala ya kukaa kimya tu. Nasi tufundishao Kiswahili twalijua jaribu la kumtajia mwanafunzi kanuni ya upatanisho wa ngeli kabla hajapata nafasi ya kuigundua katika sentensi kumi alizowekewa mbele yake. Lakini hatuna budi kukumbuka sharti ambalo Moore alilivunja: anayesadiki kwamba mwanafunzi aweza kujitafutia ukweli, na asadiki hivyo juu ya kila mwanafunzi abishaye hodi mlangoni.